Pio wa Tisa au Leo wa Kumi na Tatu: uanze kumsoma yupi ukitaka kuelewa upapa wa karne ya 19?

Tangu Mei 2025, siku ile tulipotangaziwa kwamba Papa mpya anaitwa Leo wa Kumi na Nne, vijana wa jumuiya yetu wamekuwa wakiniuliza swali lile lile kwa namna tofauti tofauti. Huyo Leo wa Kumi na Tatu alikuwa nani hadi mtu achukue jina lake? Na wale walioshasoma kidogo wanakwenda mbele zaidi, wanasema mwalimu, mimi nataka nielewe upapa ulibadilikaje karne ya 19 ila mambo ni mengi na muda sina, nianze na Pio wa Tisa au nianze na Leo? Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi, sasa naliandika lote hapa mtu asome kwa nafasi yake kisha achague mwenyewe.

Msimamo wangu nausema mapema ili usinitafute. Watu wengi watakuambia anza na Leo. Mimi nakuambia anza na Pio, isipokuwa kama uko kwenye hali mbili tatu nitakazozitaja huko mbele.

Kwanza mjue tunalinganisha watu gani. Hawa wawili walikalia kiti cha Petro kuanzia Juni 1846 hadi Julai 1903, yaani miaka 57, na katikati yao kuna wiki mbili tu za kiti kuwa wazi, Februari 1878. Pio alikaa zaidi ya miaka 31, hakuna Papa mwingine ambaye historia inamjua vizuri aliyekaa hivyo, na Leo akakaa 25 akafa ana miaka 93. Kwa hiyo ukimjua huyu na huyu umeshajua zaidi ya nusu ya karne nzima.

Lakini huwezi kuwaelewa kama hujui Papa alikuwa nani hapo mwanzoni. Mwaka 1800 Papa alikuwa mfalme, na sisemi mfalme wa mfano, nasema mfalme kabisa, ana nchi inayokata Italia katikati kutoka bahari hii hadi bahari ile, ana wanajeshi, anakusanya kodi, ana magereza na ana mnyongaji. Na hiyo nchi ilikuwa imetoka kutikiswa vibaya. Pio wa Sita alikufa mfungwa wa Wafaransa kule Valence mwaka 1799. Aliyemfuata, Pio wa Saba, ndiye aliyeingia mkataba na Napoleon, mtawala wa Ufaransa, mwaka 1801, akaenda hadi Paris kwenye kutawazwa kwake 1804, na bado 1809 Napoleon huyo huyo akaimeza nchi yake na wanajeshi wakamchukua Papa usiku, akapelekwa Savona halafu Fontainebleau, hakurudi Roma mpaka 1814. Mwaka 1815 kwenye mkutano wa Vienna, ambako mataifa ya Ulaya yalipanga upya mipaka baada ya Napoleon, mjumbe wa Papa kardinali Consalvi akafanikiwa kurudishiwa karibu nchi yote. Sasa fikiria makardinali waliokulia kwenye hayo mambo walijifunza nini. Walijifunza kwamba Papa asiyekuwa na ardhi yake ni mtu wa kubebwa kama mzigo na mfalme yeyote anayejisikia. Ukilishika hilo, ukaidi wa Pio wa Tisa hautakushangaza tena, unaweza usikubaliane nao lakini utaona umetoka wapi.

Walivyoingia

Pio, jina lake la nyumbani Giovanni Maria Mastai-Ferretti, alichaguliwa akiwa na miaka 54 na watu wakashangilia kweli kweli. Mtangulizi wake Gregori wa Kumi na Sita alikuwa hataki hata reli kwenye nchi yake. Huyu mpya akaanza kwa kuwasamehe wafungwa wa kisiasa mwezi mmoja tu baada ya kuchaguliwa, akaruhusu reli, akalegeza magazeti, na Machi 1848 akatoa katiba yenye bunge. Italia nzima ikawa inapiga kelele aishi Pio wa Tisa. Watu waliotaka Italia iliyogawanyika vipande iwe nchi moja waliona huyu ndo kiongozi wao.

Halafu ikaja vita ya kuwafukuza Waaustria kaskazini, na hapo ndo utaona tatizo lenyewe kwa uwazi kuliko mahali pengine popote katika karne ile. Kama mfalme wa Italia ya kati, watu wake wanataka apigane. Kama Baba Mtakatifu, Waaustria nao ni Wakatoliki, ni wanawe. Tarehe 29 Aprili 1848 akasema mbele ya makardinali kwamba hawezi kutangaza vita dhidi ya Austria kwa sababu anawakumbatia watu wa mataifa yote kwa upendo ule ule wa baba. Mimi nikisoma hayo maneno huwa nasimama kidogo. Kama Papa alisema sawa kabisa. Kama mfalme alijimaliza siku ile, maana kesho yake aliitwa msaliti. Novemba mwaka huo waziri wake mkuu Pellegrino Rossi akachomwa kisu akiwa anaingia bungeni, siku tisa baadaye Papa akatoroka Roma amevaa nguo za padre wa kawaida, akakimbilia Gaeta kwenye ufalme wa Naples. Roma ikawa jamhuri. Walioirudisha kwake ni mizinga ya Ufaransa mwaka 1849, na yeye mwenyewe akarudi Aprili 1850 akiwa mtu mwingine.

Leo hakuingia na shangwe ya namna hiyo. Vincenzo Gioacchino Pecci alikuwa anakaribia miaka 68, mwembamba, afya ya wasiwasi, na wengi walifikiri ni Papa wa kupitisha muda. Ila kuna jambo kwenye maisha yake ya nyuma ambalo naona watu wanalipita haraka mno. Miaka ya 1843 hadi 1846 alikuwa balozi wa Papa Ubelgiji, nchi yenye katiba, bunge, magazeti huru na viwanda vya moshi, na Kanisa humo lilikuwa linaendelea vizuri tu. Baadaye akawa askofu wa Perugia miaka 32. Sasa Perugia ilikuwa ndani ya nchi ya Papa, na jeshi la Piemonte, ufalme wa kaskazini uliokuwa unaiunganisha Italia, liliichukua mwaka 1860. Kwa hiyo Pecci aliishi miaka 18 kama askofu chini ya serikali ya Italia, akabishana nayo, akaandika malalamiko, na wakati huo huo akaendesha seminari na parokia zake. Yaani kabla hajawa Papa asiye na ardhi alishakuwa askofu asiye na ardhi. Pio alinyang'anywa kitu mkononi, Leo alizoea kukikosa kabla hajafika. Tofauti nyingi za hawa wawili ambazo watu wanaziita za kimawazo mimi naona zinaanzia hapa.

Ardhi na kiti

Kwa Pio ardhi iliondoka kwa awamu. 1859 na 1860 zikaenda Romagna, Marche na Umbria, jeshi lake dogo likapigwa Castelfidardo. Machi 1861 ukatangazwa Ufalme wa Italia. Kilichobaki ni Roma na viunga vyake, na hata hiyo ilikuwa inalindwa na wanajeshi wa Napoleon wa Tatu, kaizari wa Ufaransa.

Na katikati ya miaka hiyo kuna jambo ambalo Mkatoliki mkweli haliruki. Juni 1858 kule Bologna polisi wa Papa walimchukua mtoto wa Kiyahudi wa miaka sita, Edgardo Mortara, kutoka mikononi mwa wazazi wake, kwa sababu mfanyakazi wa ndani alikuwa amembatiza kisirisiri alipokuwa mgonjwa na sheria ya nchi ile ilisema mtoto aliyebatizwa asilelewe na wasio Wakristo. Wazazi walilia, magazeti ya Ulaya na Marekani yalipaza sauti, hata Napoleon wa Tatu aliyekuwa anamlinda Papa alimwomba amrudishe mtoto. Pio alikataa. Mimi ni mzazi na hili linaniuma kila nikilifundisha, na nalifundisha. Pia linaonyesha shida ya kuwa padre na polisi kwa wakati mmoja, imani ikishikwa na mkono wa dola inaweza kuvunja nyumba ya mtu.

Sasa njoo 1870, maana mwaka huu peke yake unatosha somo la mwezi. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulikuwa umefunguliwa tarehe 8 Desemba 1869, maaskofu zaidi ya 700, wengine wamekuja kwa meli za mvuke na treni kutoka Amerika na Asia, kitu ambacho karne zilizopita kisingewezekana. Hoja kubwa ikawa ni kutokukosea kwa Papa. Kwenye kura ya majaribio ya Julai 13 maaskofu 88 walikataa na 62 walikubali kwa masharti, wengine 451 wakakubali. Wengi wa waliokataa wakaona afadhali waondoke Roma kuliko kumpigia Papa kura ya hapana usoni, kwa hiyo tarehe 18 Julai, radi zinapiga nje, matokeo yakawa 533 kwa 2. Hao wawili, mmoja wa Cajazzo Italia na mwingine wa Little Rock Marekani, wakakubali pale pale. Siku iliyofuata Ufaransa ikatangaza vita na Prussia, wanajeshi wa Kifaransa wakaondolewa Roma, na tarehe 20 Septemba mizinga ya Italia ikatoboa ukuta karibu na Porta Pia. Pio alikuwa ameagiza wajihami kidogo tu, itoshe kuonyesha kwamba ameingiliwa kwa nguvu, kisha bendera nyeupe ipandishwe.

Ebu ziweke hizo tarehe pamoja. Julai anapata mamlaka ya kufundisha ambayo hakuna Papa kabla yake aliyekuwa nayo kwa maandishi namna hiyo, na Septemba anapoteza kijiji cha mwisho cha ufalme wake. Miezi miwili! Ukiniuliza upapa ulibadilika lini nitakuambia ni hapo.

Na jamani hili la kutokukosea tulieleze vizuri maana linapotoshwa hadi mitaani. Halisemi Papa hakosei akizungumza, wala hatendi dhambi. Linahusu pale tu anapotamka rasmi kama mchungaji wa Wakristo wote kwamba fundisho fulani la imani au maadili ni la kushikwa na Kanisa zima. Tangu 1870 limetumika kwa namna hiyo iliyo wazi mara moja, 1950, Pio wa Kumi na Mbili alipotangaza Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Pio wa Tisa mwenyewe alishatangaza Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili mwaka 1854, kabla ya mtaguso.

Italia ikampa sheria ya mwaka 1871, ikaahidi kumheshimu kama mkuu wa nchi na kumlipa lira 3,225,000 kila mwaka. Alikataa hata senti moja. Akajiita mfungwa wa Vatikano na hakutoka nje ya kuta zake hadi alipofariki Februari 1878. Na aliishi kwa nini? Kwa sadaka. Ile sadaka ya Mtakatifu Petro tunayochangia mwezi wa sita ndo ilifufuka na kuenea wakati wake. Hapa kuna jambo zuri sana ambalo wanaomsema Pio tu kwa ukali hawalioni. Mfalme aliyelindwa na Ufaransa akawa baba anayelishwa na waumini wa Ireland, Ubelgiji, Marekani. Picha yake ilitundikwa ukutani kwenye nyumba za watu wasiowahi kufika Roma wala hawatafika. Kabla yake Mkatoliki wa kawaida kijijini pengine hakumjua Papa wake hata kwa jina, baada yake anamjua kwa sura. Huu upendo wa watu kwa Baba Mtakatifu tunaouona leo, watu kulia uwanjani wakimwona, umeanzia kwa Pio mnyonge aliyenyang'anywa, haukuanzia kwa Papa mfalme.

Leo je? Watu wanadhani Leo alikubaliana na hali. Hapana. Aliendelea kudai Roma, aliendelea kuwakataza Wakatoliki wa Italia kupiga kura za bunge, na miaka 25 yote hakutoka Vatikano hata siku moja. Suala lenyewe lilikuja kumalizwa 1929 kwa mkataba wa Laterano, yeye keshakufa zamani. Kwa hiyo kwenye ardhi hawa wawili msimamo wao ni ule ule. Tofauti ni kwamba Pio alilia kuhusu mlango uliofungwa na Leo akafungua dirisha.

Kuzungumza na dunia

Desemba 8, 1864 Pio alitoa waraka pamoja na Orodha ya Makosa, makosa 80 yaliyopigwa marufuku. La mwisho ndilo lililowasha moto, lilikataa kauli kwamba Papa anaweza na anapaswa kupatana na maendeleo, uliberali na ustaarabu wa kisasa. Ukilisoma peke yake unashtuka. Ukirudi kwenye hotuba ya 1861 lilikotolewa unaona kwamba anazungumzia ustaarabu wa serikali ya Piemonte iliyokuwa inafunga nyumba za watawa na kuwafukuza maaskofu, lakini nani alirudi kusoma hotuba? Dunia ilisoma orodha. Hilo ni kosa la namna ya kusema, na liliwagharimu Wakatoliki miaka mingi.

Leo alisema kwa sentensi ndefu. Nyaraka zake zinazidi 80 na ndani yake anajenga hoja, anaeleza, anarudi nyuma, anatofautisha. Mwaka 1879 aliagiza Tomaso wa Akwino awe msingi wa masomo ya falsafa seminarini, na mapadre wetu wanamsoma hadi leo hii. 1881 akaifungua hifadhi ya nyaraka ya Vatikano kwa watafiti, hata wasio Wakatoliki. Siasa yake pia ilikuwa ya kukaa mezani. Kule Ujerumani kansela Bismarck alikuwa amewafunga mapadre na maaskofu wakati wa Pio, Leo akaongea naye polepole na kufikia 1887 sheria nyingi zikawa zimeondolewa. Mwaka 1885 Ujerumani na Hispania zikagombania visiwa vya Caroline huko Pasifiki, wakamwomba Leo awasuluhishe. Angalia hapo, Papa asiye na hata kijiji anaamua ugomvi wa mataifa mawili makubwa! Ile hofu ya 1815 kwamba bila ardhi Papa hasikilizwi ikawa imepata jibu. 1892 akawaambia Wakatoliki wa Ufaransa waikubali jamhuri, waache kumsubiri mfalme, na wengi walimkasirikia.

Ila usimfanye Leo kuwa mliberali. Mwaka 1884 aliwapiga Wafreemasoni kwa maneno makali kama ya Pio, na 1896 akatamka daraja za upadre za Kianglikana kuwa ni batili kabisa, jambo linalouma mahusiano mpaka sasa. Mafundisho hayakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mmoja alipiga marufuku na mwingine alieleza.

Wafanyakazi

Hapa Pio hana la kuweka mezani, tuseme ukweli. Aliona hatari za usoshalisti na akazilaani lakini hakumwona mfanyakazi wa kiwandani kama suala la kufundishia.

Leo tarehe 15 Mei 1891 alitoa Rerum Novarum, waraka wake kuhusu hali ya wafanyakazi. Nakuomba usiishie kusikia jina, usome. Anasema wazi kwamba wachache matajiri wamewawekea maskini wengi nira ambayo inakaribia utumwa. Anasema mshahara hauwi wa haki kwa sababu tu mmekubaliana, maana mtu mwenye njaa atakubali chochote, lazima umtoshe mfanyakazi kuishi kwa kiasi. Anatetea haki ya wafanyakazi kuunda vyama vyao, mapumziko ya Jumapili, watoto wasitumikishwe viwandani. Na anatetea mali binafsi kwa nguvu dhidi ya wasoshalisti. Hapo naweka angalizo kwa Watanzania wenzangu: ukikuta tafsiri imeandika ujamaa, usikimbilie kufikiria Azimio la Arusha, Leo aliwajibu watu wa Ulaya wa miaka ya 1880 waliotaka mali yote iwe ya dola, Mwalimu Nyerere alikuwa hata hajazaliwa. Kila kitu na mahali pake.

Na kwa nini Leo XIV alichukua jina hili? Alilieleza mwenyewe kwa makardinali Mei 10, 2025, kwamba Leo wa Kumi na Tatu alishughulikia mapinduzi ya viwanda na sasa kuna mapinduzi mengine, ya akili bandia, yanayogusa heshima ya mtu na kazi.

Kwetu huku

Hapa nitakaa kidogo maana ni kwetu.

Wakati wa Pio, Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Zanzibar 1863 na wakafungua Bagamoyo 1868, wakapokea watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani. Mwaka huo huo 1868 Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, akaanzisha Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe. Mpango wao wa kuja kwenye maziwa makuu uliandaliwa Pio akiwa hai, akafa kabla ya kuusaini. Leo aliusaini siku chache tu baada ya kuchaguliwa, Februari 1878, karibu jambo lake la kwanza kabisa kama Papa. Mwaka mmoja baadaye, Februari 1879, padre Lourdel na bruda Amans wakatua Buganda. Miaka saba mbele, Juni 1886, wakachomwa vijana wa Namugongo. Ukiwaza hivyo, Mashahidi wa Uganda wametoka kwenye mikono ya Mapapa wote wawili.

Kuhusu utumwa Leo ndiye aliyesema kwa sauti. Mei 1888 aliwaandikia maaskofu wa Brazil, akaukemea utumwa wa pale na ule wa Afrika, na akamtuma Lavigerie azunguke Ulaya kuhubiri. Alihubiri Paris, London, Brussels. 1890 Leo akaandika tena, na kuagiza mchango wa kila mwaka siku ya Epifania kwa ajili ya misioni za Afrika na kupinga utumwa.

Lakini sitakuficha upande wa pili. Mwaka ule ule wa 1888 pwani yetu, Pangani hadi kusini, ilikuwa imewaka chini ya Abushiri, watu wanaikataa kampuni ya Wajerumani. Bismarck alikuwa anatafuta fedha bungeni na hakuwa na sababu nzuri. Ile hamasa ya kupinga utumwa ikampa sababu. Chama cha Wakatoliki cha Zentrum, kile kile alichokuwa anakitesa miaka kumi nyuma, kikaleta hoja ya kupinga utumwa, na Januari 1889 bunge likapitisha mark milioni 2, ofisa wao Wissmann akatumwa na jeshi. Misioni ya Wabenediktini pale Pugu ilivamiwa mwezi huo huo, wamisionari wakauawa. Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Kwa hiyo sauti ya Papa ambayo ilitaka kumfungua mtumwa, ikishapita Berlin, ikawa pia ya kumfunga mwenye nchi. Mimi naamini Leo alimaanisha alichosema kuhusu utumwa, na naamini pia kwamba babu zetu wa pwani walilipa bei ambayo Roma haikuihesabu. Yote mawili nayafundisha siku moja, sitenganishi.

Basi uchague yupi

Kama umepewa mada Mei Mosi, au uko kwenye chama cha wafanyakazi, au umeombwa kuongea na vijana saa moja tu Jumamosi mchana, chukua Leo, na katika Leo chukua 1891 peke yake. Itakutosha na hutahitaji kueleza vita za Italia. Na kama unaandika historia ya Kanisa ya kwetu, ya Bagamoyo, ya Rubaga, ya Pugu, chukua Leo pia ila uanzie 1868 usianzie 1878.

Kama uko kwenye mabishano na ndugu zetu wa madhehebu mengine kuhusu mamlaka ya Papa, huna njia, ni Pio, na usiende na maneno ya kusikia, nenda na 1870.

Kama unataka stori inayokushika, Pio tena. Leo ni mzuri kusoma ila maisha yake hayana kukimbia usiku wala mizinga.

Ila kwa yule mwenye swali lenyewe, upapa ulibadilikaje, na ana mwezi mmoja, namshauri Pio kwanza kwa sababu hii: ukianza na Leo utampenda haraka na utadhani alizaliwa tu mwenye hekima, akaamua upapa uwe sauti badala ya ufalme. Hakuamua. Aliukuta hivyo. Kazi ya kupoteza ilifanywa na mtu mwingine, kwa machungu, kwa makosa mengine makubwa, na kwa imani ambayo siwezi kuidharau. Kanisa lilimtangaza Pio mwenyeheri Septemba 2000, siku moja na Yohane wa Ishirini na Tatu, na kuna waliolalamika sana kwa ajili ya Mortara, nawaelewa.

Utaratibu wangu ni huu. Wiki ya kwanza soma 1846 hadi 1850, ile hotuba ya Aprili 29 isome mara mbili. Wiki ya pili Mortara na Orodha ya Makosa, usikimbie. Wiki ya tatu 1870 peke yake. Wiki ya nne soma jinsi jeneza la Pio lilivyohamishwa usiku wa Julai 1881 kutoka Mtakatifu Petro kwenda San Lorenzo, umati ukaliparamia njiani kwa matusi na mawe wakitaka kulitupa mto Tiber, waumini wakalizuia hadi likafika. Leo alikuwa ndani ya Vatikano usiku ule, na asubuhi akaletewa habari. Hapo ndo umfungue Leo.